Vua pete kwanza: mazungumzo na wahudumu vijana kuhusu siga laini

(Maneno haya kuhusu siga, ile sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyosokotwa, niliyasema mbele ya wahudumu vijana wa hoteli na migahawa, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nikapunguza kukohoa na kurudiarudia.)

Kabla hatujaanza, wewe uliye karibu na ukuta, naomba uzime hicho kiyoyozi. Ahsante. Si kwamba nasikia baridi. Siga hizi mbili zilizo mezani zimetoka kwenye kasha lake asubuhi hii, na kiyoyozi kikizipulizia saa nzima kitanyonya maji yake. Hapo nikiwaambia moja nzuri na nyingine mbaya, mtakuwa mnahukumu upepo wa mashine.

Zote mbili nimezivua pete, ile karatasi ya rangi yenye jina. Moja niliinunua dola 9, nyingine dola 38. Zote zina rangi ya chai ya maziwa, zote inchi 5, unene namba 50. Unene wa siga hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo 50 ni karibu milimita 20, kama kidole gumba cha mtu mzima. Zipitisheni mkono kwa mkono, ila mikono iwe mikavu, na msizibonyeze kama mnachagua parachichi sokoni. Nikimaliza nitawauliza ipi ni ipi.

Kwanza tukubaliane jina. Kamusi zinasema biri. Nikisema biri hapa, nusu yenu mtamkumbuka babu na msokoto wake wa gazeti. Mtaani wanasema sigara kubwa, au sigara ya matajiri. Kazini kwetu tulisema siga, na leo nitasema siga.

Mimi ni mtoto wa tumbaku. Nimezaliwa Urambo, baba analima tumbaku ya mvuke. Nimechuma majani, nimeyafunga kwenye fimbo, nimelala kando ya bani, kile kibanda cha kukaushia majani, nikichochea moto usiku mtoto mwenzangu akiota ndoto. Msimu ukiisha tunapeleka marobota sokoni, anakuja mteuzi. Anachomoa konzi ya majani katikati ya robota, anayanyoosha, anayanusa, anaandika daraja. Jasho la mwaka mzima linahukumiwa kwa nusu dakika. Baba alikuwa na maneno yake juu ya zile nusu dakika, ambayo hapa mbele ya akina dada sitayarudia. Lakini mimi nilikuwa namwangalia mteuzi vidole. Vilikuwa vinajua kitu.

Miaka mingi baadaye nikawa mhudumu kwenye sebule ya siga ya hoteli moja kule Ghuba. Nilikaa miaka 11. Siku moja nimeshika siga, naipapasa kabla ya kumpelekea mgeni, nikacheka peke yangu. Kazi niliyokuwa nafanya ni ya yule mteuzi, tofauti yetu tai tu.

Sasa sikilizeni hili vizuri, maana nisipolisema nitakuwa nimewadhulumu. Sikuja kumfundisha mtu kuvuta. Siga inaleta saratani ya kinywa, ya koo, ya umio, na ya mapafu pia. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Na mgeni akikuambia, "mimi simezi moshi, kwa hiyo nikotini hainipati," mjue anajidanganya. Tumbaku yetu ya Tabora hukaushwa haraka kwa joto la bani, sukari inabaki ndani ya jani, na moshi wake una asidi kidogo. Moshi wa namna hiyo mpaka uumeze ndipo nikotini iingie. Tumbaku ya siga hukaushwa pole pole kwa hewa, sukari inaliwa yote, moshi unakuwa na alkali, na nikotini inapita moja kwa moja kwenye ngozi ya mdomo. Ndiyo maana mtu anakaa na siga kama mfalme, hajameza hata pumzi moja, na baada ya nusu saa anatoka jasho jembamba na uso umepauka. Ukimwona hivyo mpelekee haraka kitu chenye sukari, soda au juisi, kisha uichukue ile siga taratibu bila kumwaibisha.

Kwa hiyo neno "laini" kwenye siga halihusu mapafu. Linahusu ulimi na kichwa. Na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa hata iwe laini namna gani. Sheria yetu ya mwaka 2003 imeshasema, wala usimwonee haya baba yake.

Asiyetaka kuonja, asionje. Nusu ya hukumu, pengine zaidi, inafanyika kabla ya moto. Nimefanya kazi na kijana wa Nepal asiyevuta kabisa, na nilimwamini kuchagua siga kuliko wavutaji watatu wa pale.

Haya, laini ni nini?

Mmea wa tumbaku una ghorofa. Majani ya chini hayapati jua sana, ni mepesi, yanaungua vizuri. Walimaji wa Cuba na Jamhuri ya Dominika huyaita volado. Ya katikati ni seco, yenye harufu nzuri. Ya juu kabisa, yanayopigwa jua mchana kutwa, ni ligero: mazito, yenye mafuta, yana nikotini nyingi na yanaungua kwa ugumu. Aliyetoka Tabora au Chunya hapa anajua, hata sisi tunaanza kuchuma chini tukipanda juu. Siga kali ni ile iliyotiwa ligero kwa wingi. Siga laini ina seco na volado, na ligero kidogo tu au hamna.

Watu wengi, na hata wauzaji, wanachanganya nguvu na ladha. Wanasema laini wakimaanisha dhaifu, siga ya mwanafunzi, utaikua ukikomaa. Tui la kwanza halina pilipili hata chembe. Nani hapa atasema halina ladha?

Na hapa ndipo ilipo hoja yangu yote ya leo. Mpishi akiwa na samaki aliyelala, anafanya nini? Anazidisha pilipili. Pilipili ikiwa nyingi, hakuna atakayeuliza samaki amevuliwa lini. Siga kali inaweza kumficha samaki wake. Siga laini haina pilipili ya kujifichia. Jani lisiloiva linasikika. Mkono wa msokotaji ukiteleza, unasikika. Ndiyo maana siga laini ni ngumu kutengeneza vizuri, na ndiyo maana ni rahisi kuihukumu, ukijua pa kuangalia.

Siga ina sehemu tatu. Mimi na mwenzangu mmoja wa Likoni tuliziita kanzu, mkanda na tumbo. Tumbo ni majani ya ndani yaliyokunjwa. Mkanda ni jani linalolishika tumbo lisitawanyike. Kanzu ni jani la nje, lile mnaloliona. Siga nzuri tumbo lake ni majani marefu, kutoka mdomoni mpaka mwisho. Ya bei ya chini mara nyingi tumbo lake ni chenga, kama za mchele. Chenga zinaungua haraka, zinachoma ulimi, na zinakuachia vipande mdomoni.

Kwenye siga laini ghali, pesa kubwa iko kwenye kanzu. Kanzu maarufu kuliko zote kwa siga laini asili yake si Cuba. Ni Connecticut, kaskazini mashariki ya Marekani, mahali ambapo theluji inaanguka. Mwishoni mwa karne ya 19 wakulima wa bonde la mto wa huko walikuwa wanashindwa sokoni na jani jembamba zuri lililoletwa kutoka Sumatra. Mwaka 1900 wakaanza kujaribu kulima chini ya mahema: nguzo, waya, na vitambaa vyepesi juu ya shamba zima, ili jua lichujwe na unyevu ubaki. Jani likatoka pana, jembamba, mishipa haionekani, rangi imepauka vizuri. Hebu fikirieni gharama, shamba zima limevalishwa chandarua.

Na nani alichuma? Walihitaji vijana wengi wakati wa kiangazi, hasa miaka ya vita. Kiangazi cha mwaka 1944 walikuja wanafunzi weusi wa chuo cha Morehouse kutoka Atlanta, wakafanya kazi mashamba ya Simsbury. Mmoja wao alikuwa na miaka 15, jina lake Martin Luther King. Aliandika barua nyumbani kwa mama yake akishangaa kwamba huko kaskazini ameingia kwenye mgahawa mzuri wa Hartford na akala kama mtu yeyote. Kwao Georgia hilo halikuwezekana. Kila nikishika jani la Connecticut namkumbuka kijana yule ndani ya hema lenye joto. Hili ninyi mkimsimulia mgeni, bahshishi haitakosekana, nawahakikishia. (Kicheko.)

Siku hizi mbegu ile inalimwa sana Ecuador. Kule mawingu yanafunika anga muda mwingi wa mwaka, yanafanya bure kazi ya mahema. Jani la Ecuador huwa na mafuta kidogo zaidi na ladha yake imechangamka kuliko la Connecticut lenyewe, ambalo lina ukavu fulani wa nyasi. Afrika nayo ina kanzu yake ya heshima, jani la Cameroon, jeusi kidogo, lina vipele ukilipapasa. Lakini hilo si la leo, kwa kawaida halivikwi siga laini kabisa.

Basi shika siga. Angalia kanzu kwenye mwanga. Siga laini iwe na rangi moja, mishipa myembamba, mshono uzunguke bila kuacha mwanya. Doa dogo la kijani au la maji si kosa, ni alama ya jani. Mpasuko ni kosa, urudishe. Kisha papasa kwa vidole viwili kutoka mguuni, pale itakapowashwa, kwenda kichwani, pale pa mdomo, polepole. Ukikuta mahali pamebonyea, ndani kuna shimo, moshi utakuwa wa moto hapo. Ukikuta kinundu kigumu kama harage, jani limejikunja, hewa haitapita.

Nusa mwili, halafu nusa mguu. Siga laini iliyoiva inanukia nyasi kavu, mbao ya penseli iliyochongwa sasa hivi, pengine na korosho. Ukisikia harufu ya banda la kuku, hiyo ni amonia. Majani ya siga yakishakauka yanarundikwa marundo makubwa, yanajipasha joto yenyewe, yanafunuliwa na kugeuzwa na kurundikwa tena, kama tunavyovundika ndizi, isipokuwa hapa ni miezi, na kwa majani mazito ni miaka. Amonia inatoka humo. Ukiinusa kwenye siga, mtengenezaji amefanya haraka. Hapo hata ingekuwa dola 100, thamani yake imeshaanguka na hujawasha kiberiti.

Kisha kata. Kichwa kina kofia ndogo ya jani. Kata kofia, usikate mabega, pale kofia inapoishia, la sivyo kanzu itafunguka yote mkononi mwa mgeni, nawe utatafuta pa kujificha. Vuta bila moto. Hewa ipite kama soda kwenye mrija. Ikipita kama uji kwenye mrija, imejaa mno. Ikipita kama hakuna kitu, tumbo lina njaa. Na huo mvuto wa baridi una ladha tayari, ulimi ukiwa mtulivu.

Ulimi mtulivu! Usionje siga laini baada ya biriani. Usionje na kahawa chungu. Maji ya kawaida, basi. Niliwahi kumwona mgeni akiisifu siga laini kwa "mdalasini wa ajabu" na mbele yake kuna chai ya viungo.

Moto: kiberiti cha gesi au njiti ndefu, usitumie cha petroli, harufu yake itakaa ndani. Choma ukingo kwanza bila kuvuta, mpaka duara lote liwe jekundu. Halafu vuta, mara moja kwa dakika hivi. Hapa ndipo siga laini nyingi zinauawa. Mtu anaona haina nguvu, anaongeza kasi. Siga inapata moto, inakuwa chungu, naye anasema siga mbaya. Aliyeiharibu ni yeye.

Moshi usimezwe. Lakini ukitaka ladha yake uiruhusu sehemu ndogo itoke puani, kwa kuwa ulimi unajua chumvi, sukari, ndimu, shubiri na ule utamu wa mchuzi wa nyama, mengine karibu yote ni pua. Siga kali ukiitoa puani utalia. Laini inakubali, na hapo ndipo maziwa, karanga zilizokaangwa, mkate uliotoka tanuri, asali kwa mbali, vinapojitokeza. Msione aibu kutumia maneno ya jikoni kwenu. Wazungu wameandika "siagi ya kahawia" na "mkate wa brioshi", wewe sema kashata, sema tui, sema kuni ya mvule. Mgeni atakuelewa, na atakumbuka.

Siga inasomwa kwa theluthi. Theluthi ya kwanza kila siga laini ni nzuri, hata ya dola 3. Ya pili inatakiwa iongeze neno jipya. Ya tatu ndiyo mahakama. Moshi umeshapita kwenye jani lote, lami na unyevu vimekusanyika, na kama jani halikuiva au halikupumzika, utapata uchungu, na pamoja nao ukakasi, ule wa kula bibo bichi, mdomo unakunjamana. Uchungu kidogo mwishoni ni kawaida. Ukakasi sikubali.

Mtu ataniuliza jivu. Jivu jeupe lililosimama inchi nzima linapendeza, na kusimama kwake kunaonyesha majani marefu na mkono mzuri. Lakini weupe ni habari ya madini ya udongo, usiugeuze cheti. Linaloniuma ni siga inayoungua upande. Upande mmoja unakimbia, mwingine umelala, katikati panachimbika kama mtumbwi. Mara moja unaigeuza, inajirekebisha. Mara tatu, ina kasoro.

Sasa thamani. Hapa nitakaa kidogo.

Pale kazini, wasambazaji walikuwa wanatuachia sampuli. Siku moja meneja akaturuhusu tujaribu. Tulikuwa wanne: mimi, yule wa Likoni, dada mmoja wa Ufilipino na Mmisri wa baa. Aina nne za siga laini, siga nne za kila aina, pete zimevuliwa, tumezipa namba. Bei zilianzia dola 9 mpaka karibu 40. Kila mtu akaandika yake kwenye karatasi bila kuongea. Hata yale majarida ya siga yanayotoa alama kwa mia, kama lile la Marekani lililoanza mwaka 1992, waonjaji wao huonja bila pete, na hilo nalisifu.

Matokeo: ile ghali ilikuwa ya tatu. Ya dola 9 ilikuwa ya pili. Tulifurahi mno! Mmisri alitaka kulitangaza ukumbini. Tukajiona tumeugundua ulaghai wa dunia.

Wiki iliyofuata tukarudia, siga zile zile, makasha yale yale. Ghali ikawa ya kwanza kwa watu watatu. Ya dola 9 ikawa ya mwisho, mbili kati ya nne hazikupitisha hewa kabisa. Furaha ikaisha. Wiki ya kwanza zile za dola 9 zilikuwa na bahati, na zile ghali, nafikiri, zilikuwa zimekaa karibu na mlango wa friji ya mvinyo zikakauka. Kosa letu sisi wenyewe.

Tangu siku ile siihukumu siga kwa kuonja moja. Tatu, za kasha moja, siku tofauti. Na siga ghali naidai jambo moja tu: isibahatishe. Msokotaji mzuri anasokota mia hivi kwa siku, kutegemea umbo, na mia zote zinatakiwa zipitishe hewa sawasawa. Kuna viwanda vinavyopima kila siga kwa mashine ya kuvuta kabla haijavikwa kanzu, vinatupa zinazofeli. Jani linapumzishwa miaka ghalani, pesa imelala. Hayo ni malipo halali. Sanduku la vanishi, tangazo, kodi, na kiti cha ngozi cha hoteli vimo pia ndani ya zile dola 38, na hivyo haviungui.

Halafu kulikuwa na daftari langu. Kila usiku nikikusanya visahani vya majivu nilikuwa naangalia vipisi. Nikaanza kuvipima kwa vidole na kuandika: siga gani, kipisi kimebaki vidole vingapi. Miaka miwili niliandika. Mgeni anaweza kukuambia ilikuwa tamu sana ili asionekane mjinga mbele ya wenzake. Kipisi chake kikibaki nusu siga, ile dola 38 ameila 19. Na kuna siga za Dominika za bei ya kati, za kanzu ya Connecticut, ambazo vipisi vyake vilikuwa vidole viwili, kimoja na nusu, watu wameishika mpaka inawachoma. Macanudo, kwa mfano, ambayo ilianzia Jamaica kabla ya kuhamia Dominika, wajuaji waliidharau kwa kuwa ni siga ya kila mtu. Kwenye daftari langu vipisi vyake vilikuwa vifupi. Nilijifunza kuwatoa hesabuni wale waliopokea simu wakaondoka, hao hawahesabiki.

Mgeni wa mara ya kwanza, kwa hiyo, usimpe ya dola 38. Si kwa kumhurumia mfuko wake. Ulimi wake bado hauwezi kusikia tofauti ya theluthi ya tatu, na kama angeweza, pengine hatafika huko. Mpe nyembamba fupi ya bei ya kati, aimalize. Na akisema lazima iwe ya Cuba, Cuba nako kuna laini, Hoyo de Monterrey na H. Upmann kwa kawaida ni tulivu kuliko Partagás au Bolívar. Ila ile ya ufukweni inayouzwa kwenye sanduku lenye kifuniko cha kioo, mwambie tu kwamba Cuba hawauzi siga kwenye masanduku ya kioo. Usiseme zaidi, muuzaji naye ana watoto.

Kuhifadhi nitapita haraka, kwa sababu mnalo tatizo ambalo wauza siga wa Ulaya kwenye baridi hawalijui. Siga inataka unyevu wa asilimia 65 mpaka 70 na joto la nyuzi 18 mpaka 21. Dar nje ni joto na unyevu umezidi, ndani ya kiyoyozi ni kukavu. Kwa hiyo kasha lililofungwa vizuri, la mbao ile inayoitwa mwerezi wa Kihispania, ambayo kwa kweli ni ya ukoo wa mkangazi wala si mwerezi, na kipimo cha unyevu ndani. Joto likizidi kuna mdudu mdogo wa kahawia, mayai yake huweza kuwamo tayari kwenye jani, anaanguliwa na kutoboa siga kama dumuzi kwenye mahindi. Urambo dumuzi tulimwita Scania, kwa namna anavyobeba ghala zima. Ukiona tundu dogo lililonyooka na unga chini ya kasha, ondoa zote, zigandishe siku kadhaa, kisha uzirudishe kwenye joto polepole.

Hivi zile mbili zimefika wapi? Naona zimekwama kwa yule dada wa safu ya tatu, anazinusa kama anataka kuzioa. Zirudishe mbele, ahsante. Wanaosema hii ya mkono wa kulia ndiyo ya dola 38, nyoosheni mikono. Wengi. Kwa nini? "Inang'aa." Haya. Wanaosema ya kushoto? Wanne, na wewe dada. Wewe sababu yako nini? Anasema ya kulia ina mahali pamebonyea, vidole viwili kutoka mguuni.

Nani ana kisu kikali? Cha matunda kinatosha. Njoo hapa mezani, lete na sahani nyeupe. Ipasue hii ya kulia kwa urefu, taratibu, usiikandamize, tuone tumboni kuna nini.